Vuta Sikio, Yaya

Mpendwa yaya, mkubwa wangu,

Nakuandikia nikiwa na kinyaa. Naanza na hilo kwa sababu hata ningeanza kwa salamu nzuri ungelijua tu. Ulikuwa ukinisoma usoni kabla sijakaa. Nimechukizwa, na kinachonichukiza ni mchezo wa mpira wa kwenye televisheni. Najua unacheka. Cheka, lakini nisikilize hadi mwisho, maana sina mwingine wa kumweleza jambo hili asinione nimerukwa na akili.

Mashine yetu ya zamani ya kuchezea imekufa. Ilikuwa ikigoma kusoma diski tangu enzi zako, unakumbuka tulivyokuwa tunaigeuza chini juu ndipo ikubali. Tuliendelea kuigeuza miaka yote hii. Safari hii ilikataa kila upande. Fundi wa sokoni akaifungua, akapuliza vumbi, akaifunga, akasema jicho lake limekwisha. Mama amekataa isitupwe. Ameiweka juu ya kabati na kuifunika kitambaa, jirani na sanamu ya Bikira Maria, na wageni wanadhani ni kitu cha kanisa.

Trésor alipopata habari akaleta ya kisasa kutoka Kolwezi. Yule mdogo wetu uliyekuwa unampangusa kamasi sasa anaendesha malori ya mgodini, na tumbo limeanza kumtangulia. Aliifunga mwenyewe pale salon, chumba chetu cha wageni, akanipa manette, kile kidude cha kubonyezea, akaniambia nijaribu.

Yaya, ni uchafu mtupu. Kabla hujacheza inakutaka ukubali hili, ukubali lile, kisha inakutembeza dukani kwake kama muuzaji wa barabarani anayekushika mkono. Wachezaji wanatoka jasho unaliona. Mmoja alikosa goli, wakamsogeza karibu, akatema mate kwenye nyasi, na mate yenyewe yakaonekana. Mtu alikaa ofisini akalipwa kuchora mate. Halafu manette inatetemeka mikononi kila mtu akigongwa, kama umeshika chura. Niliiachia mara ya kwanza, ikaanguka kwenye simenti, na Trésor akaikimbilia kama mtoto kaanguka kitandani.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonitia kichefuchefu ni vitufe. Kupiga goli ni kwa dole gumba la kulia. Unabonyeza duara, unashikilia, unaangalia kamstari kakijaa rangi, unaachia kabla hakajawa kekundu. Ukichelewa, mpira unaruka juu ya jukwaa. Ukiwahi, unamfikia kipa polepole kama umempelekea chai. Nikaingia kwenye orodha nitafute mahali pa kubadilisha. Hakuna. Wanakupa mitindo mitatu waliyoiamua wenyewe, na yote mitatu inataka dole gumba.

Na wewe dole gumba hukuwa nalo. Lilikuwepo, lakini lilikuwa limesimama. Ile krizi ya maumivu ya utotoni iliyouingia mfupa wa mkono wako wa kulia ilikuachia kidole kisichopinda, na madaktari wakamwambia baba kwamba kwa mtoto mwenye SS, ugonjwa wa selimundu, hilo ni jambo la kushukuru, kwani mkono wenyewe umepona. Ulijifunza kuandika upya. Ulijifunza kushika kijiko upya. Nakumbuka baba alipoleta ile mashine nyumbani Shituru, akaiweka karibu na kitanda chako, kwa sababu kitanda chako kilikuwa salon ili mama akusikie. Diski yenyewe ilikuwa na maandishi ya Kijapani. Mimi na Trésor tulicheza, wewe ukatazama. Ulipoipokea manette, kidole kikateleza mara ngapi sijui, ukairudisha, ukageukia ukutani.

Kesho yake tulirudi kutoka shuleni tukakuta umeibadilisha. Peke yako, katikati ya yale maandishi kama vijiti, umebonyeza hiki na kile mpaka ukapata mlango. Dole gumba ulikuwa umelipumzisha kabisa. Pasi ulikuwa umeipeleka kwenye kitufe cha juu kulia, na goli kwenye kitufe cha juu kushoto, chini ya kidole cha shahada. Vile vitufe vya juu ukavipa jina masikio. Na kwa kuwa ulipenda kutuvuta masikio yetu hasa, ikawa ndiyo lugha ya nyumba: mtu akifika golini, tunapiga kelele, "Vuta sikio." Jirani mmoja alikuja kumuuliza mama kwa nini watoto wake wanaamrishana kuumizana.

Manette ya pili nayo ukaibadilisha vilevile. Hapo ndipo ulipokuwa mkali. Alipokuja binamu yetu wa Lubumbashi, yule mwenye majivuno, alidhani ametufikia watu wa kijijini. Alibonyeza, mchezaji wake akasimama kama nguzo. Akabonyeza tena, Trésor akamfunga. Alipofungwa mara ya nne akasema manette imelogwa, akataka vitufe virudishwe kama vya watu wote. Ulikuwa umelala, mtungi wa maji pembeni, umetoka kulazwa lopitalo juzi tu. Hukuinua hata kichwa.

"Minye nimezobelea byote," ukamwambia. "Weye utazobelea paka hii moya."

Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa: wewe umezoea yote, yeye azoee hili moja tu. Ulizoea sindano, ulizoea damu ya watu wasiojulikana, ulizoea kukaa ndani wenzako wakienda mtoni. Kila mahali ni wewe uliyejipinda ili mambo yaende. Kwenye mchezo ule ndipo sisi wenye vidole vizima tulijipinda, na tukajipinda hadi tukasahau kwamba tumepinda. Nilipoenda kucheza kwa wenzangu nilikuwa bure kabisa, na nilijisikia fahari.

Watu wengine wakifa huacha vitu vya kufariji; wewe ulipotutoka hukuacha vingi. Picha yako nzuri tunayo moja, na hata hiyo umefumba macho. Sauti yako sina. Nguo mama aligawa, kama inavyotakiwa. Nilichobaki nacho ni kidole hiki cha shahada cha kushoto, kinachoruka chenyewe nikiona goli. Wewe ndiwe uliyekiweka pale. Kwa hiyo kila mwaka siku ya misa yako, tukitoka kanisani na kula bukari, ugali wetu, na samaki wa Kapolowe, mimi na Trésor tulikaa tukacheza mechi moja, kwa masikio. Moja tu, na hatukucheza siku nyingine.

Sasa unaelewa kinyaa changu. Nilimwambia Trésor mwaka huu basi, tusicheze kabisa, kuliko kucheza kwenye mdudu ule. Akanipiga bega.

"Ni mpira tu, yaya. Utazobelea."

Neno lile lile. Na akalisema huku anatafuna. Nilimtazama, yaya, nikamwona mtu ambaye Kolwezi imemfuta kichwa. Mashine hiyo alikuwa nayo kule miezi mingi kabla ya kutuletea, alikuwa ameshaizoea, dole gumba lake linakimbia kwenye vile vitufe vinne kama limezaliwa pale. Sikulala vizuri kwa kumdharau ndugu yangu mwenyewe.

Tukajaribu mechi hata hivyo, na alinifunga hadi akaona aibu yeye. Maana nikifika golini, kidole changu kinavuta sikio, na kwenye mchezo huu sikio la kushoto halipigi. Linamwita mwenzako akimbie mbele. Basi mshambuliaji wangu anasimama na mpira miguuni, na mwingine huko anakimbia mkono juu, anaomba, na beki anakuja kuuchukua mpira bila haraka. Mara hii, mara nyingine, mara nyingine tena. Trésor akawa anacheka, machozi yanamtoka.

"Yaya, unaita nani?"

Hakujua alichosema. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi hadi hasira ikashuka.

Nikajiambia hivi. Mtu asiyeweza kitu akikikataa, watu wanasema anakikataa kwa sababu hakiwezi. Lazima nimshinde Trésor kwenye uchafu wake huu, mbele ya mama, ndipo niwe na haki ya kusema hautaingia tena kwenye siku yako. Sikuona kosa katika hesabu hiyo. Trésor akarudi Kolwezi, mashine ikabaki, nami nikaanza kujifunza asubuhi kabla wateja wangu wa kusuka nywele hawajafika.

Nilichukia kila dakika. Dole gumba lilitoka lengelenge, nikasukia nalo watu nywele huku nauma meno, na mama mmoja akaniambia mistari yangu inaenda kombo. Yule mtema mate nikamjua kwa jina. Lakini kidole cha shahada kilikataa kutulia. Nikifika golini kinaruka, jamaa anakimbia mkono juu, mpira unapotea. Basi nikafanya kitu ambacho hata sasa naona aibu kukiandika. Nilichukua uzi wa kusukia, ule mweusi, nikakifunga kidole hicho pamoja na cha kati, nikakaza. Nikacheza hivyo, kidole kikivimba na kugeuka rangi. Mama alipita akaniona, akaniuliza nimeumia. Nikasema ndiyo.

Siku moja niliufungua uzi nikasahau kuufunga tena. Nilicheza mechi nzima ndipo nikakumbuka. Nilifurahi, yaya. Nilikwenda jikoni nikamwambia mama kwamba sasa Trésor aje.

Siku ya misa yako alikuja, shati jeupe, amebeba samaki mwenyewe kutoka Kapolowe kwa sababu alipitia kule makusudi. Padri alilitaja jina lako vizuri. Tulikula. Mama akabaki anaosha sahani, sisi tukakaa chini kwenye simenti pale palipokuwa kitanda chako, kwa maana hakuna kati yetu anayecheza akiwa kwenye kiti.

Alianza akitabasamu, kisha tabasamu likaisha. Nilikuwa nacheza vizuri, wacha nijisifu, nilikuwa nacheza kama wale vijana wanaoshinda kwenye vyumba vya michezo ya kulipia. Alinifunga, nikarudisha. Nikamwona anasogea mbele, anapumua kwa mdomo. Mara ya kwanza alipocheza nami hakuwa na haja ya kuhangaika. Sasa alihangaika. Dakika za mwisho akapenya katikati, akabaki yeye na kipa wangu, nami nikajua nimekwisha.

Mchezaji wake akasimama. Mpira miguuni, golikipa mbele yake, kasimama. Na kule pembeni mwenzake akaanza kukimbia, mkono juu, anaomba.

Niligeuka nikatazama mikono yake. Kidole cha shahada cha kushoto kilikuwa kimevuta sikio, kimelishikilia, kimekaza hadi ukucha umekuwa mweupe. Dole gumba halikuwa limegusa kitu.

"Ni kidole," akasema Trésor, bila kunitazama. "Nikiogopa, kinavuta. Nilikifundishaka, kinakatala."

Mpira tayari ulikuwa kwangu. Beki wangu alikuwa ameuchukua bila mimi kumwambia, na mikono yangu, yaya, haikungoja. Wakati bado naangalia kidole cha ndugu yangu, mikono yangu ilikwenda mbele, pasi, pasi, duara, shikilia, achia. Nikasikia watu wa kwenye televisheni wanashangilia. Kidole changu cha kushoto kilikuwa kimelala juu ya plastiki, kimetulia, hakikuwa na habari.

Nikakiambia kivute. Nilikaa pale, manette mikononi, yule mfungaji wangu akijitupa kwenye nyasi, nikajaribu kukifanya kiruke kama zamani. Kilivuta. Lakini kilivuta kwa sababu nimekiamuru, kama kidole cha mtu yeyote.

Kinyaa nilichoanza nacho barua hii, sasa unajua ni cha nani. Trésor niliyemtukana moyoni miezi yote hii, yule wa Kolwezi, mtafunaji, anakubeba mkononi na amejaribu kukuondoa akashindwa. Mimi niliyelia kwa ajili yako nilichukua uzi nikakufunga.

Mama aliuliza kutoka jikoni, mikono bado kwenye maji, "Ni nani iko nashinda?"

Trésor aliniinamia, akingoja nijibu mimi.

"Ni minye, mama," nikasema. "Minye niko nashinda."

Lala salama, yaya, na kama kule kuna kuvuta masikio, la kwangu liko hapa.

Ni mimi,
mdogo wako wa Shituru