Siku Niliyopiga Shabaha Mbele ya Gombolola

Sikuda, Jumamosi, msimu wa kung'oa njugu, 1965.

Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika ghafla. Sasa ni jioni, ardhi inanuka udongo mbichi na bega langu la kulia linauma. Nina furaha, lakini furaha yenyewe imekaa kama mgeni asiyejua aketi wapi.

Leo nimepewa bunduki ya mume wangu.

Wandera amekuwa askari wa wanyama waharibifu katika gombolola yetu, yaani tarafa yetu, tangu kabla ya Uhuru. Bunduki yake ni ile ndogo, ya risasi nyembamba kuliko penseli, na kazi yake ni kuwazuia tumbili wanaoshuka kutoka kichakani njugu zinapokomaa. Kundi moja likiingia asubuhi, mwenye shamba anarudi nyumbani na majani matupu. Watu walikuwa wakisikia mlio mmoja tu, wanaambiana, "Imekwisha." Wandera hakuwa mtu wa kupiga mara mbili.

Kisha yakaja mambo ya macho. Daktari wa mjini Tororo alimchungulia kwa taa, akasema ugonjwa uko nyuma ya jicho na hauna dawa. Tulirudi kwa basi. Kesho yake alichukua bunduki akaenda shambani kama kawaida.

Wakati wa palizi alimpiga tumbili mguuni. Mnyama alijikokota hadi kichakani, akalia huko mchana kutwa kwa sauti kama ya mtu. Wandera aliingia kichakani ammalize, asimwone. Akarudi, akaketi mlangoni akisikiliza mpaka sauti ikakoma. Ndipo akaniita.

"Mama Taaka, mimi siwezi tena. Lakini bunduki ikirudi Tororo, serikali haitaleta ingine. Wewe sasa utajifunza."

Nilidhani ni uchungu unaosema. Kumbe alikuwa ameshaamua.

Mwanzoni hatukupiga risasi hata moja. Alinilaza kifudifudi juu ya gunia nyuma ya nyumba, viwiko chini, kitako cha bunduki kimekaza begani. Ndani aliweka ganda la risasi iliyokwisha kupigwa, maana bunduki ya aina hii ukiifyatua tupu pini yake inaharibika. Juu ya mtutu, karibu na mdomo, akaweka punje ya njugu.

"Fyatua. Njugu ikianguka, umekosa."

Ilianguka. Ilianguka tena na tena, siku baada ya siku, na majirani waliokuwa wakienda kisimani walisimama kutazama. Ojambo, kaka yake Wandera, alisema wazi kwenye chungu cha pombe kwamba mwanamke kushika bunduki ni mkosi wa ukoo.

Njugu ilipokubali kutulia, tukaanza risasi za kweli, kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa kichuguu. Zote zilikwenda kushoto. Nikasema ni upepo. Wandera alikuwa ameketi kando yangu, kichwa amekiinamisha, anasikiliza.

"Hakuna upepo. Umebana pumzi mpaka unatetemeka. Toa nusu, halafu tulia. Na triga usivute kama unang'oa muhogo. Finya pole pole, mpaka mlio wenyewe ukushtue."

Nilifanya hivyo, zikaanza kusogea katikati.

"Jicho unaweka wapi?" akauliza.

"Kwenye shabaha."

"Hapana. Tazama ncha ya mbele ya bunduki. Ncha ndiyo uione vizuri. Shabaha iwe na ukungu, si kitu."

Neno lile, ukungu, lilikuwa limekaa katikati yetu.

Siku moja alininyang'anya bunduki, akalala mwenyewe kwenye gunia. Alipumua vizuri, akafinya vizuri, kama zamani. "Wapi?" akauliza. Vumbi lilikuwa limeruka mbali kabisa, upande wa pili wa kichuguu. Ningeweza kumdanganya.

"Haikugusa karatasi, Baba Taaka."

Alibaki amelala pale, shavu juu ya mti wa bunduki, mpaka jua likamfikia mgongoni. Kisha akanirudishia.

Chifu wa gombolola aliposikia, alisema bunduki ni mali ya serikali, na anayeitaka aonyeshe uwezo wake uwanjani mbele ya watu. Ojambo akajitokeza naye.

Leo yeye ndiye aliyeanza. Alipiga kwa haraka, amesimama, kama anayefukuza mwizi. Risasi zake zilitawanyika, nyingine hazikuonekana zilikoangukia. Zamu yangu ilipofika nilitandika gunia langu. Mchuuzi mmoja kutoka upande wa Kenya aliegemea baiskeli yake akapaza sauti, "Mama, unalala ama unapiga?"

Uwanja mzima ulicheka. Chifu pia alicheka.

Nilingoja mpaka kicheko kikaisha na mikono yangu ikawa yangu tena. Halafu nikatoa nusu ya pumzi.

Chifu mwenyewe ndiye aliyekwenda kubandua karatasi. Alirudi akiitazama, akatembea polepole zaidi kadiri alivyokaribia. "Kibali kitaandikwa jina lako, mama," akasema, akanikabidhi karatasi. Hakuna aliyepiga makofi. Ojambo akanisogelea.

"Shemeji, shamba langu ndilo liko karibu na kichaka. Jumatatu uanzie kwangu."

Wandera alikuwa amesimama peke yake ukingoni, ameshika fimbo. Nilimwongoza nyumbani. Tulipoketi, alinyoosha mkono nikampa ile karatasi, akaanza kuipapasa kwa ncha za vidole, tundu kwa tundu. Manne yako pamoja katikati, kama mbegu kwenye shimo moja. Moja liko pembeni.

"Hii ya pembeni ilikuwa ya mwisho?"

"Ya mwisho."

"Ulifurahi mapema."

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati lake. Kisha akaomba bunduki na msumari. Alinipima kwa kiganja kutoka begani hadi kiunoni, akarudi kwenye mkanda wa bunduki, akatoboa tundu jipya, mbali na lile lake. Mkanda uliobaki akaukata kwa kisu. Mkanda ule sasa hauwezi kumtosha tena. Alinivalisha mwenyewe, akavuta kidogo kuona kama umekaa.

"Sasa sawa," akasema, akatoka nje.

Mpaka sasa yuko nje. Nimempelekea chai, ameipokea, hajainywa.

Jumatatu sitalenga karatasi. Nitalenga kitu chenye macho, kinachonitazama. Je, nitaweza kutulia, ili kisilie mchana kutwa kichakani?

Kesho ni Jumapili. Nitamwomba twende wote kanisani, tupitie njia ya mashambani, anionyeshe mahali alipokuwa akiketi kuwangoja tumbili.