Nilitafuna Kura ya Golikipa

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba unisaidie, maana siku ya nne leo chakula hakipiti kooni. Mimi naitwa Ignasi, kwetu Mnero, ni karani wa stoo hapa Nachingwea kwenye mashamba ya karanga, na ndiye ninayeandika daftari la timu yetu ya madereva wa matrekta, na msimu huu tulipomaliza mechi tisa tukakubaliana kuchagua mchezaji bora, zawadi blanketi jekundu, wakabaki wawili, Kipriani, senta fowadi, aliyefunga magoli kumi na manne na ndiye mchumba wa dada yangu Magreti, na rafiki yangu Mikidadi wa Nkowe, golikipa, ambaye amedaka mipira thelathini na saba, ule wa mechi ya Chinongwe aliruka jua likimpiga machoni akautoa kwa ncha za vidole, ule wa siku ya mvua aliukumbatia akabaki amelala nao kwenye tope kama mtu aliyepitiwa na usingizi, na mechi tano hakufungwa kabisa.

Kura zetu ni karanga, kila mtu anapewa moja iliyomenywa, anaingia stoo peke yake, anaidondosha kwenye kopo la amtakaye, basi zamu yangu ilipofika nikasimama mbele ya makopo mawili, stoo imetulia, vumbi linaelea kwenye mwanga wa dirishani, nikaanza kuota mchana kweupe, nikauona mpira unapaa juu ya miti, hautui, Mikidadi anaufuata mikono imenyooka, miguu haigusi ardhi, nami napaa nyuma yao taratibu, na niliposhtuka, mshauri, nilikuwa natafuna.

Nikatoka, nikampisha aliyefuata. Kura zikahesabiwa, Kipriani kumi na moja, Mikidadi kumi, na sisi tuko ishirini na wawili. Kapteni akacheka, akasema moja imechukuliwa na panya. Mikidadi hakucheka. Aliniambia, "Ndugu yangu, angalau wewe najua ulinipa." Sasa anasema langoni harudi tena, atacheza mbele ambako watu wanatazama, na mwezi ujao tunakwenda kucheza Ruangwa. Nimwambie au ninyamaze? Na mpaka leo sijui ningempa nani.

Ignasi, Nachingwea

*

Ignasi,

Makubwa haya! Nimecheka, nikakuonea huruma, kisha nikakasirika.

Wenzako usiwalaumu sana. Goli linaonekana, watu wanarusha kofia. Mpira uliodakwa hauachi kitu, unaandikwa sifuri, na sifuri hakuna anayeishangilia. Lakini wewe mwenye daftari ulijua. Hebu chukua mipira kumi tu kati ya ile thelathini na saba, uiache iingie, halafu niambie magoli ya Kipriani yangewafikisha wapi. Ulipaswa kuwasomea hayo kabla ya kura. Hukusoma. Kwa nini? Ulimwogopa shemeji yako, Ignasi, na ndoto ikakupa pa kujificha.

Eti hujui ungempa nani! Magoli kumi na manne ya Kipriani umeyapitia kwa pumzi moja. Kwa Mikidadi umeniletea jua, tope na ncha za vidole. Mimi sijawahi kukanyaga uwanja wa mpira, na tangu jana namwona akiruka.

Sasa sikiliza. Jumapili hii panda baiskeli, mfuate popote alipo, usitume mtu. Mwambie, "Niliitafuna." Atawaka, mwache awake, na habari za vumbi la dirishani usimletee. Akinyamaza, fungua daftari umsomee mipira yote thelathini na saba, mmoja mmoja, bila haraka. Mtu aliyedaka peke yake anataka kujua kuna aliyeona. Kurudi langoni ataamua mwenyewe.

Jumatatu useme hivyo hivyo mbele ya timu, Kipriani akiwapo. Akiwa mwanamume wa kumwoa dada yako, ataliweka blanketi mezani. Ombeni kura irudiwe.

Na siku ya kura hiyo, kabla hujaingia stoo, kula kwanza ushibe.

Bi. Mwanamvua