Suruali Nyeusi Sitazishona

Chumba cha cherehani,
nyuma ya duka la misumari,
Jumanne, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu zitangulie. Natumai umeamka salama, na kwamba goti lililokuwa likimsumbua shemeji yangu sasa linampandisha ngazi bila manung'uniko. Sisi huku hatujambo. Bado natunga uzi kwenye sindano bila miwani, ingawa shemeji yako hudai kwamba nabahatisha tu.

Paa la chumba hiki limebadilishwa mabati, kwa hiyo mvua ikinyesha sihamishi tena mashine. Kitinda mimba wetu amefaulu mtihani wa udereva. Anaendesha kama wewe baba yake mdogo: hupiga honi kwanza, kisha ndipo hufikiri.

Hizo ndizo habari njema, na nimezimaliza upesi kwa kuwa moyo wangu hautulii. Nimeanza barua hii, nikainuka, nikaizunguka meza ya kukatia, nikaketi tena. Shemeji yako ameniuliza kama kuna siafu kitini.

Ni agizo lako. Dereva mwenzako alinifikishia Alhamisi: suruali tatu, nyeusi zote, mpira kiunoni badala ya vifungo, na bitana maradufu upande wa mbele. Ukamwambia aniambie kwamba ni kwa ajili ya joto la injini. Mdogo wangu, mwenye joto haagizi nyeusi, wala haongezi bitana. Ulisahau kwamba unamdanganya fundi. Baba alitufundisha sote wawili kabla hujaikimbia cherehani kwa ajili ya usukani: mteja husema anachokitaka, lakini mshono husema anachokificha.

Nami mshono huo naujua, maana mwaka jana nilijishonea suruali kama hizo hizo. Nyeusi, mpira kiunoni, bitana mbele. Wateja wakanisifu, wakasema siku hizi fundi anavaa kama hakimu. Hawakujua kwamba hakimu huyo anakatisha mshono kila mara kukimbilia chooni, na akifika huko anasimama akiukodolea macho ukuta, akisubiri mkojo ambao dakika moja kabla ulikuwa ukimpigia kelele. Ukija, unakuja kwa matone. Ukidhani umekwisha, matone mengine yanakufuata mlangoni.

Nikaona nimepata ufumbuzi: nikaacha kunywa maji. Shemeji yako akawa ananitazama tu nikisukuma kikombe kando. Siku moja alinishika nikipima bitana nyingine, akasema, "Baba, unashona suruali au unashona aibu?" Nilimkemea. Sasa naona kwamba kati yetu yeye ndiye aliyekuwa fundi.

Halafu nikapata mafua, nikanunua dawa dukani na kuinywa bila kumuuliza mtu. Siku hiyo mkojo ukafunga kabisa. Kabisa, mdogo wangu. Tumbo likawa gumu kama ngoma, nikawa siwezi kuketi wala kusimama, jasho likinitoka kama mtu anayefukuzwa. Jirani alinipeleka hospitali kwenye gari lake, na kila shimo la barabarani nililipigia ukelele. Waliponiwekea mpira wa kutolea mkojo na mkojo ukaanza kutoka, nililia kwa raha, wala sioni haya kukuandikia.

Daktari ni mwanamke, umri wake kama wa binti yangu mkubwa. Aliiangalia ile suruali, akaipapasa bitana, akasema, "Babu, kazi nzuri sana hii. Ungekuja nayo mapema nisingekukuta umeziba." Akanieleza kwamba tezi dume iko chini ya kibofu na inaizunguka njia ya mkojo, na mwanaume akizeeka tezi hiyo huweza kukua na kuibana njia hiyo. Mara nyingi si saratani, lakini bila kupimwa huwezi kujua. Dawa ya mafua niliyokunywa huweza kuzidisha mbano. Na mkojo ukikaa ndani kwa muda mrefu, madhara hupanda hadi kwenye figo.

Walinipima mkojo na damu, wakanipiga picha ya kibofu. Ndiyo, kipo na kipimo cha kidole. Najua hicho ndicho unachokikimbia. Ni kifupi kuliko kumpima mteja mguu wa suruali, na hapana mwanaume aliyetoka pale akiwa amepungua. Mpira ulikwisha kutolewa. Sasa nanywa vidonge, nanywa maji, na mwezi ujao nitarudi wanipime tena. Wakisema nipasuliwe, nitapasuliwa.

Nimekupigia simu tangu Ijumaa. Kila mara shemeji yangu anapokea na kusema umelala. Dereva wa lori gani hulala mchana kutwa? Hatimaye amenipasulia ukweli: unainuka usiku kucha, umeacha kunywa maji, na Jumatatu ijayo unaondoka na shehena. Hapo ndipo usingizi uliponitoka mimi. Nawaza umeziba kwenye barabara isiyo na nyumba, lori limejaa, nawe umeukumbatia usukani. Nikifika hapo nainuka tena na kuizunguka meza.

Kwa hiyo namkabidhi dereva mwenzako barua hii na kifurushi. Ndani mna suruali moja tu, ya kijivu, yenye vifungo na isiyo na bitana. Ivae Alhamisi uende hospitali, ukamweleze daktari kila kitu, hata matone. Shehena ina madereva wengi. Mimi nina mdogo mmoja. Kile kitambaa cheusi usikiulizie. Nilimpa shemeji yako mkasi, naye amekikata foronya.

Mbusu shemeji goti lake kwa niaba yangu. Wasalimie mapacha, na shangazi yetu Msemakweli, ambaye usimfiche jambo hili, maana atakusukuma hadi mlangoni mwa daktari. Mola akulinde njiani, akupe siku nyingi na usingizi usiokatika.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, na nitakayeketi karibu na simu Alhamisi,

Fundi.