Régis, Kipande cha Sita Hakikuachia

Mwaka umetimia, Régis, tangu uache nusu kikombe cha kahawa mezani, ukasema utachelewa, ukaanguka kituoni kabla tramu haijafika. Ni moyo, walisema madaktari. Ulikuwa na miaka arobaini na tisa.

Saa alizotengeneza baba yako mji wetu wote wa Besançon unazijua. Kazi yako wachache waliielewa. Mama yako Solange alikutania: "Vipande vya baba yako nilikuwa navifagia chini ya meza. Vyako nitajuaje kama vipo?" Ulicheka, mdomo umejaa viazi na jibini, ukamweleza tena: kamera juu ya darubini, mkono wa roboti chini yake, na vipande sita, kila kimoja kidogo kuliko chembe ya chumvi. Kamera inatazama, mkono unasogea kidogo, kamera inatazama tena. Ulisema mashine yako haina akili, ina unyenyekevu tu.

Ulikuwa mpole kwa kila mtu, ila mlango wa maabara hukuruhusu ufunguliwe, kwa kuwa hata joto la mwili wa mgeni liliipotosha picha. Nyumbani ulimsemesha binti yako Clémence polepole, upande wa kushoto, kwenye sikio pekee lililokuwa bado linasikia. Vipande vile vilikuwa vyake. Vikiungana, vingekuwa kifaa cha kuwekwa ndani kabisa ya sikio hilo kabla nalo halijafa. Vitano vilikubali. Cha sita kilinata kwenye kibano cha mkono wa roboti, maana kitu kidogo namna ile hakina uzito wa kudondoka. "Kukishika si kazi," ulimwambia mkeo Odile. "Kazi ni kukifanya kiachie."

Hakikuachia. Baada yako, wenzako walihangaika miezi saba. Cuenot, uliyefanya naye kazi meza moja, alikuja mwenyewe nyumbani, kofia mkononi. "Shemeji," alisema, "kamera inaona. Sisi ndio hatujui Régis alikuwa anaangalia nini." Mwezi Juni waliifunika mashine kwa nailoni. Sikio halikungoja Juni. Lilizimika Machi, Clémence akiwa darasani, na sasa anasoma midomo yetu.

Cuenot alituachia video za kazi. Sauti yako imo, uso wako haumo. Kamera ilitazama vipande tu. Clémence huziwasha kila Jumapili, na Odile humrudishia maneno yako kwa midomo yake. Kuna mahali unasema jambo, na Odile akaliruka. Clémence aliuliza ni nini. Odile akamjibu kwamba uliomba taa iongezwe.

Alimdanganya. Hakuweza kulisema huku anamtazama machoni. Leo tunaliandika, kwa sababu atasoma: "Hiki ni cha Clémence. Siku kikikaa sikioni mwake, msimwite ninyi. Mimi ndiye nitakayemwita kwanza."

Utusamehe, naye atusamehe.

Unakumbukwa na mkeo Odile, mama yako Solange, kaka yako Thibaut, na binti yako Clémence. Tutakukumbuka mpaka mwisho wetu.