Achari ya Safari ya Toyama

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu sikupi nyingi, maana nimekununia.

Wakumbuka siku ile theluji ilipoanguka Joburg? Tuliiacha meza yetu ya vitenge hapa Fordsburg, ukatoka mbio na malapa, ukasimama kwenye robot, taa za barabarani, umekinga viganja. Dereva akakupigia honi: "Eish, mama, toka barabarani!" Wala hukumjali, ukanigeukia: "Shoga, hii ya mzaha. Ya kweli tutaifuata Japani."

Basi kila Ijumaa tukishafunga meza, tukila biriani sahani moja, tunasafiri. Tungepanda treni ya milimani mpaka Toyama, tuone nyumba za nyasi zilizozama kwenye theluji, tule wale kamba wao weupe, wadogo kama kucha. Kila mchuzi tuulize kwanza kama una nguruwe. Nikakwambia kwenye mabwawa yao ya maji moto watu huoga uchi, hata kanga hairuhusiwi. Ukajibu, "Mie nitaingia na buibui, wanifukuze!" Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ukasema chakula kisicho na pilipili kitatuua. Tukatia achari ya ndimu kwenye chupa kubwa, tukaianika dirishani, tukaapa haifunguliwi mpaka Toyama.

Kisha akaja yule mwanamume wa kwetu Tanga, muuza magari ya Japani. Ulimuuliza swali moja tu: "Toyama unapajua?" Kumbe anaishi hukohuko. Hina ya harusi nilikupaka mimi mwenyewe. Kwenye uwanja wa ndege ukanikumbatia: "Natangulia tu, shoga. Nikitulia nakuita."

Baridi imekuja na kupita, nasubiri kuitwa. Biriani ile ile siku hizi inanishinda, nusu naimwaga. Nina upweke, Mwanaidi. Nakwambia wazi, aibu nimeiweka kando.

Wiki iliyopita ikaingia picha yako kwenye simu: wewe na mumeo, ukuta wa theluji nyuma yenu, mkononi sahani ya kamba weupe. Chini umeandika, "Jamani, chakula cha huku hakina ladha." Nimeisoma na kuirudia. Neno "njoo" sikuliona.

Jana nimeifungua ile chupa. Nimeila achari na wali mtupu. Imekolea, shoga, imeiva hasa. Machozi yakanitoka, nikasema ni pilipili, na chumbani hamna hata wa kuniuliza.

Kaa kwa raha na mumeo.

Ni mimi, shoga yako wa meza moja,
Fordsburg