Msiuzike Mgomba

Kiwandani, baharini

Kwa mke wangu mpendwa Raheli, Mama Andrea,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu anayetulinda sote, wewe huko kwenye baridi na mimi huku kwenye joto la chuma. U hali gani? Watoto hawajambo? Na kifua cha mama yangu kinaendeleaje na ule ukungu wa asubuhi wa Ainabkoi? Ukiniuliza habari zangu, mimi ni mzima. Nasema tena, Mama Andrea, mimi ni mzima. Nakula, natembea, nakohoa kidogo kwa ajili ya moshi wa rangi, lakini mzima.

Mwalimu Yusufu, wewe unayemsomea barua hii, nakuomba usimame hapo kwanza. Mwambie akae chini. Mama yangu naye aitwe, akae karibu na ukuta. Wakishakaa, endelea.

Hii si barua ya zamani iliyochelewa njiani. Najua kwamba barua zangu zilifika baada ya ile habari, mkazisoma kama maneno ya marehemu, nawe, Mama Andrea, ukazifunga kwenye kitambaa na kuziweka chini ya mto. Hii si ya namna hiyo. Hii nimeiandika baada ya ninyi kunililia. Ushahidi ni huu: Hezroni, yule mpeleka maziwa wa shamba letu, yuko hapa. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananitazama nikiandika. Wewe mwenyewe ulimwona akiondoka shambani kuja kuandikwa kazi, na wakati huo kichwa chako kilikuwa kimekwisha kunyolewa. Kama ningekuwa nimekufa kabla ya hapo, ningemtaja vipi? Tena ameniambia kwamba ng'ombe wetu amezaa ndama jike, mwekundu, mwenye doa jeupe usoni, nawe umemwita Faraja. Jina ni zuri. Lakini faraja ya kufiwa na mimi, mama, bado hujaihitaji.

Sasa ngoja nikueleze jinsi nilivyokufa.

Mahali tulipo siruhusiwi kupataja, wala kuandika tarehe, kwa sababu afisa anasoma barua zote kabla hazijafungwa. Nitasema tu kwamba si nchi kavu. Ni kiwanda cha kutengeneza manowari, zile meli za vita, na kiwanda chenyewe kinaelea. Ukikiona kwa mbali utasema ni zizi la chuma lenye kuta mbili ndefu, halina paa, halina mlango mbele wala nyuma. Manowari iliyopigwa ikija, wanakinywesha kiwanda maji mpaka sakafu yake inazama. Meli inaingia katikati ya kuta. Halafu mashine zinayatapisha yale maji, na kiwanda kinainuka polepole, meli ikiwa mgongoni. Siku ya kwanza nilipoona sakafu inakwenda chini nilipiga magoti nikaikabidhi roho yangu kwa Mungu, na watu wa pwani walicheka mpaka wakakaa. Sasa nimezoea. Tunalala humo humo ndani ya kuta, vitanda juu ya vitanda, na nchi kavu tunaiona kama mstari wa penseli. Mimi niliyekuwa natengeneza magurudumu ya magari ya ng'ombe pale Eldoret, leo napigilia misumari ya moto kwenye tumbo la meli ambayo ingeziba ile barabara ya maduka toka mwanzo hadi mwisho.

Huku majina ya baba zetu yaliwashinda wakubwa kuyatamka, wakatuachia yale ya ubatizo tu. Na katika kikosi chetu tulikuwa Filipo wawili. Mwenzangu alikuwa kijana wa upande wa Kimilili, mrefu, mabega kama mlango, mtu wa kula posho ya watu wawili huku anaimba. Tuliitana wajina. Hakujua kusoma, kwa hiyo barua za mke wake nilimsomea mimi, na majibu nilimwandikia mimi. Basi ili kututofautisha, kikosi kikamwita yeye Filipo Mkubwa kwa ajili ya ule mwili. Mimi nikawa Filipo Mdogo, na mvi zangu hizi. Sikuona ubaya. Tulicheka.

Siku moja kiwanda kilipokuwa kinainuka na manowari, gogo moja la kuegemeza ubavu wa meli liliteleza. Wajina alikuwa chini yake. Sitakuandikia zaidi ya hapo. Huku hakuna kaburi. Walimshona ndani ya turubai, wakamfunga chuma miguuni, na kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa nikaambiwa niombe. Nikasema, Bwana, mpokee mtumishi wako Filipo. Nikaitika amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Baada ya hapo barua zako zikakoma. Nilifikiri umekasirika. Nilifikiri Bwana Miwani, yule mzungu wetu mwenye shamba, amewahamisha kwenda shamba lake lile la Moiben. Nilifikiri mambo mengi, ila hilo halikunijia.

Halafu mashua ikaleta watu wapya, na kati yao namwona Hezroni na blanketi lake begani. Furaha iliyonishika, Mama Andrea, ya kuona uso wa nyumbani. Nikamwita. Alipogeuka, blanketi likaanguka. Akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa chuma, akaanza kusema nami kwa lugha ya kwetu, polepole, kama mtu anayesema na kitu kilicho porini.

"Sisi hatukukukosea," akasema. "Tulikulilia vizuri. Nenda."

Nikamwambia, Hezroni, ni mimi. Akatikisa kichwa. Akasema kama ni mimi kweli, nimtajie yule ng'ombe wa Bwana anayepiga teke.

"Bibi Harusi," nikamwambia. "Na teke lake alikupiga wewe, ukaanguka na ndoo mbili, tukanywa chai ya rangi shamba zima."

Hapo ndipo alipokaa chini akalia, na mimi nikalia, hata kabla sijajua tunalilia nini.

Yote niliyasikia kwake. Kwamba Bwana aliitwa Eldoret akapewa karatasi, akaja nayo kwako akiwa amevua kofia. Kwamba shangazi ndiye aliyekunyoa. Kwamba Andrea hakulia mbele za watu, akaenda kulia kwa ng'ombe. Kwamba wazee wameketi wakasema mtu aliyepotea baharini hawezi kuachwa hivi hivi, lazima gogo la mgomba lizikwe mahali pake, kama ilivyo desturi yetu kwa mtu ambaye mwili wake haukuonekana. Na kwa kuwa mgomba hauoti kwenye baridi ya Ainabkoi, na kaburi langu halifai kuwa kwenye shamba la mzungu, mahindi yakishavunwa Bwana atawapa ruhusa, mtashuka wote mpaka kwetu Maragoli, mkate mgomba kwenye boma la baba, mkauzike. Na mkishauzika, utakabidhiwa kwa mdogo wangu Zakaria.

Nilikwenda ofisini siku ile ile. Nilimkuta karani, mtu wa makamo kama mimi, mwenye upole. Nyapara wetu naye akaitwa. Nikawauliza nani alisema nimekufa.

Nyapara akasema, "Mimi niliulizwa Filipo yupi. Nikasema Filipo Mkubwa. Kuna mtu hapa asiyemjua Filipo Mkubwa?"

Karani akasema, "Nami nilitazama umri. Mkubwa wa hao wawili ni huyu mzee. Mkubwa si ni mkubwa?"

Wakatazamana. Neno lilikuwa moja, Mama Andrea, na kila mmoja alikuwa amelisema sawasawa. Sikuweza hata kumkasirikia mtu.

Nikaomba simu ya maandishi ipelekwe Eldoret. Afisa akasema simu ni za vita tu. Masahihisho yatakwenda kwa njia ile ile ya karatasi, yapite ofisi zote ilizopita ile habari ya kifo. Nikaomba likizo nije mwenyewe. Karani akafungua daftari, akatazama, akafunga. Akaniambia kwa huruma kabisa kwamba likizo yangu ilikuwepo, tena ilikuwa karibu, lakini ilifutwa nilipofariki. "Mzee," akasema, "kwa serikali wewe umekufa bila kasoro. Kukufufua ndiyo kazi."

Tangu siku hiyo vijana wananiita Marehemu. Marehemu, lete nyundo. Marehemu, uji umepoa. Hawana ubaya, huku mtu asipocheka atajitupa. Lakini ikifika saa ya sala najitenga, nasali peke yangu.

Na kuna huyu mama mwingine wa Kimilili. Barua yake ilifika juzi, ikaletwa kwangu kama zote za nyuma. Anamwambia mumewe kwamba mtoto amezaliwa, ni mvulana, ana mabega. Anauliza apewe jina gani. Mke wangu, wewe umenyoa nywele kwa ajili ya mtu anayekula, na yeye anapika kwa furaha na hana mtu. Ofisi inasema nisimwandikie, ni kazi yao. Barua yake iko mfukoni mwangu. Nikiinama kupiga msumari naisikia inakwaruza.

Sasa nisikilize vizuri. Shauri langu lote ni huo mgomba.

Wewe wanijua, sishiki mambo ya matambiko. Lakini namjua mama yangu. Mtu akishazikwa, kwake yeye amezikwa. Nikija baadaye nikisimama uani, hatanipa mkono, hatanipa maji. Atasema kilichokuja si mwanawe. Na wazee watakaa upande wake, na boma lote litafuata, na watoto wangu watafundishwa kunikimbia. Nimemwona Hezroni alivyorudi nyuma, naye ni Mkristo aliyebatizwa. Nikirudi baada ya mgomba, sina mlango. Nitakuwa kama kiwanda hiki, naelea tu, nchi naiona kwa mbali.

Zakaria simlaumu. Ni mpole, na kama ningekufa kweli ningetaka awe yeye. Lakini sijafa. Nakusihi, Mama Andrea, sema wewe ni mgonjwa, sema mahindi hayajakauka, kaa chini ukatae kuinuka, fanya lolote, lakini msishuke Maragoli. Na kama barua hii imewakuta mmekwisha shuka, na mgomba uko ardhini, na wewe uko nyumbani kwa Zakaria, basi niambie hivyo hivyo kwa maneno machache. Sitakuhukumu. Uliambiwa na serikali. Lakini niambie wewe, nisiambiwe na mashua nyingine.

Nisalimie mama yangu mzazi, umwambie mwanawe wa kwanza bado anakula ugali. Nisalimie mdogo wangu Zakaria. Nisalimie Andrea mwana wetu, mwambie baba amesikia kwamba alilia kwa ng'ombe, na si aibu. Msalimie shangazi, nywele zitaota. Mwalimu Yusufu, asante kwa kusoma. Kama sauti yako imekatika mahali, rudia pale pa Hezroni, ndipo penye ushahidi. Yeye mwenyewe ameweka alama ya kidole gumba hapo chini kwa wino wa karani.

Kila jioni mashua ya barua inafungwa kwenye ukuta wa kiwanda, na karani anasoma majina kwa sauti. Wakati mwingine anasoma Filipo, na hatujui ni yupi anayeitwa. Kwa hiyo juu ya bahasha usiandike Filipo. Andika Baba Andrea. Huku hakuna mwingine mwenye jina hilo, na wewe ndiwe uliyenipa.

Nijibu upesi, tafadhali, kabla mahindi hayajaisha shambani.

Mumeo,
Baba Andrea