Niling'oa Vigingi vya Mpimaji

Mwalimu Syauswa mpendwa,

Naomba msaada wako, lakini usiniambie ninyamaze, kwa maana kila mtu hapa Beni ameniambia hivyo na sijanyamaza. Mimi ni Katungu, mjane, nalima kakao katika shamba aliloniachia baba yangu, na ndugu yangu Lusenge, mtoto wa baba mdogo, amenishtaki akidai shamba ni la wanaume wa ukoo, naye siku ya kwanza mahakamani alinicheka mbele ya watu, "Yaya, dada yangu, ulishaka olewa Butembo, kwenda ulime kwa bwana yako!" nami nikamjibu, "Bwana yangu alishakufa, na hii kakao nilipanda mimi, weye ulikuwa wapi?" hata karani akacheka. Sasa hakimu, badala ya kukata kesi, ameamuru shamba lipimwe, na kwetu ardhi haipimwi ila inapouzwa au inapogawanywa, kwa hiyo nikajua nimeshindwa, na mpimaji alipokuja nikaving'oa vigingi vyake vyote tisa, akabaki kulalamika, "Mama, mimi niko natumika tu!" akaondoka, na Jumanne anarudi na polisi. Mpwa wangu Jéthro, aliyesoma sheria mwaka mmoja, ameandika rufaa juu ya amri hiyo, kurasa sita. Niipeleke kesho? Shamba silitoi.

Mama Katungu,

Shamba usilitoe, na rufaa usiipeleke. Itakataliwa kabla ya ukurasa wa pili. Hakimu hajakuhukumu, anataka kujua shamba linaishia wapi, kwa sababu hawezi kuamua juu ya kitu asichokijua. Nililelewa Luofu, na wazee wetu nao walikuwa wakiona kamba ya kupimia wanajua ardhi inakwenda, kwa hiyo sikucheki. Ila hakimu huyu hauzi wala hagawi. Amri isiyoamua lolote juu ya haki yako haikatiwi rufaa peke yake. Unangoja hukumu ya mwisho; ukishindwa, unakata rufaa juu ya amri na hukumu pamoja. Kama angeamuru utoke shambani na Lusenge aingie, ningekuambia ukimbie kwa wakili leo hii.

Hukumu ikija, una siku thelathini za kukata rufaa, zinazohesabiwa tangu mjumbe wa mahakama akuletee karatasi. Usimfukuze! Kuipokea si kuikubali. Andika tarehe, umtafute wakili wa kweli. Jéthro amalize masomo kwanza.

Kuhusu vigingi, ona aibu. Umempa Lusenge ushahidi ambao hakuwa nao: atasema unaogopa vipimo vya shamba lako mwenyewe. Virudishe kabla ya Jumanne, umwombe mpimaji radhi.

Jumanne hiyo uwe wa kwanza kufika. Mpimaji asipige hatua moja bila wewe kuwa kando yake. Mwonyeshe miti yako ya kakao, mfereji wa baba yako na kaburi lake, na aandike yote. Lusenge akikucheka, mwulize mbele ya polisi akuonyeshe mti mmoja alioupanda yeye. Kabla hujatia sahihi, ripoti isomwe kwa sauti. Ikiwa na uongo, andika chini yake kwa mkono wako: "Sikubali", utaje sababu na tarehe. Hakimu wa mahakama ya juu hatakuwapo shambani siku hiyo. Atasoma ulichoandika.